Mkono wa Trekta Uliozaliwa Ghorofa ya Tisa

Nianze kwa kukiri upumbavu wangu, maana wasomaji wa safu hii mmeshauzoea na mtashangaa nikiuficha. Jumamosi asubuhi nilimpigia simu fundi wetu wa ghorofa ya tisa. Kitoroli changu cha kubebea vyakula kilikuwa kimeng'oka gurudumu, na mimi, mtu ambaye safari yake ndefu kwa wiki ni kutoka sebuleni hadi jokofu, nilitaka ashuke yeye badala ya mimi kupanda. Mkewe akapokea. Sikumpa nafasi hata ya kuitikia salamu sawasawa. Nikaeleza gurudumu, nikaeleza skrubu, nikatania kwamba mumewe akichelewa nitamnyima chai. Alipopata upenyo alisema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Uvira, kule Kongo: "Shemeji, mwenye unatafuta haiko tena. Alikufa jana asubui, moyo ilisimama." Nikabaki na simu sikioni na gurudumu mkononi. Ndivyo nilivyozipata habari za msiba, na nadhani ni mimi peke yangu katika jengo zima niliyemwomba marehemu anifungie gurudumu.

Hakuwa rafiki yangu wa kushibana. Tulikuwa watu wa kukutana kwenye lifti, yeye akirudi kazini na kopo la chakula, mimi nikishuka kuchukua barua. Kwao, katika bonde la Ruzizi, alikuwa mkuu wa karakana ya kiwanda cha sukari. Hapa Toronto alikuwa akifagia vumbi la chuma katika kiwanda cha kutengeneza rafu, chini ya mashine alizozielewa kuliko wengi waliokuwa wakiziendesha. Vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba yake. Mimi cheti changu cha kidato cha nne ninacho, kimelala ndani ya plastiki, hakina hata kunyanzi, na hadi leo hakijatengeneza kitu.

Mwezi Mei wa mwaka juzi akina mama wa jengo letu, Warundi, Wakongo na Wakenya, walipata ekari mbili kwa mkulima mmoja mzee huko kaskazini, kitongoji cha Scarborough kinapokwisha na mashamba kuanza. Walitaka maharage, mahindi meupe, lengalenga, yaani mchicha wa Wakongo, na majani ya maboga, vitu ambavyo dukani ama havipo ama vinauzwa kwa gramu kama dawa. Mzee aliwapa ardhi bure, akawaazima na trekta lake la kijivu lililonizidi umri, kwa masharti mawili: mtakachovunja mtengeneze wenyewe, na ardhi iwe imelimwa kabla Mei haijaisha. La sivyo, alikuwepo bwana mmoja aliyeitaka apande nyasi za bustani. Kikaoni likaulizwa swali: nani anajua kuendesha trekta? Nikaona mkono umenyooka, kumbe ni wangu. Nikasema nimekulia jirani na shamba la mkonge, na hilo ni kweli kabisa. Sikusema kwamba trekta nimelipanda mara moja tu maishani, likiwa limezimwa, ili nipigwe picha.

Kwa asiyejua: nyuma ya trekta kuna mikono miwili ya chuma inayobeba jembe la kulimia, ambalo wengine huliita plau. Mwisho wa kila mkono kuna jicho, ndani ya jicho kuna gololi nene yenye tundu, na pini hupita humo ikalishika jembe. Unapofika mwisho wa shamba unaliinua jembe kwanza, ndipo unageuza. Mimi niligeuza kwanza. Ulisikika mlio kama wa ng'ombe aliyekanyagwa. Jicho la kushoto likafunguka kama mdomo wa mtu aliyepigwa butwaa, pini ikakatika, gololi ikapotelea topeni. Akina mama wakasimama na majembe yao ya mkono begani. Wa kwanza kusema alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili, nesi wa Kikenya asiye na subira: "Kaka, huko kwenu huo mkonge mlikuwa mnalima na nini? Vijiko?" Duka la vipuri likatuambia kifaa hicho hakitengenezwi tena, labda kitafutwe Marekani, na huenda ikachukua wiki sita. Sisi tulikuwa na siku kumi na moja.

Ndipo akaitwa fundi. Aliuzunguka ule mkono mara mbili, akaugusa, akanitazama. "Ndugu, hii haikuvunjika. Hii uliiua." Kisha, badala ya kuomba nyundo, akaomba bugali. Nesi, ambaye haulizi mara mbili pakitajwa chakula, akatoa kwenye kikapu chake ugali wa mahindi uliofungwa vizuri. Fundi akautazama kwa heshima, akaurudisha. "Mama, yako ni ya kula. Inapasuka. Mimi nataka ya muhogo."

"Kwani muhogo wenu ni simiti?"

"Ndiyo maana hatuanguke ovyo."

Mkewe akaleta donge la bugali wa muhogo, limeshapoa, linavutika kama mpira. Fundi akalikandamiza juu ya gololi ya mkono wa kulia, ule niliousaza, akalipasua katikati kwa uzi na kulibandua vipande viwili kama ganda la karanga. Umbo la gololi lilikuwa limebaki ndani, pamoja na mkwaruzo wake. Akavifunga vipande hivyo kwa kitambaa kibichi, akavitia kwenye kopo la aiskrimu, akapanda navyo basi kurudi nyumbani. Hakuwa na kipimo kingine zaidi ya hicho na uzi wenye mafundo.

Kesho yake tulikwenda pamoja kwenye yadi ya vyuma chakavu, mimi nikiwa mbebaji, adhabu niliyopewa na kikao. Alikuwa na kijiko cha supu. Alikipiga kwenye kila chuma, akatega sikio, akatikisa kichwa, akasogea. Mwenye yadi alitufuata nyuma kama anayefuata wagonjwa waliotoroka. Mwisho akachagua springi ya lori, ile bapa ndefu ambayo ncha yake imekunjwa jicho tayari, na kipande cha ekseli. Springi aliipashia moto nyuma ya banda la mkulima, katika shimo la makaa ya kuchomea nyama, yakipulizwa na draya ya nywele ya nesi. Nesi alisimama pembeni akimwambia, "Ukiiharibu utanisuka wewe." Gololi mpya aliichonga kwa tupa kutoka kwenye kile kipande cha ekseli, akiwa kwenye roshani ya ghorofa ya tisa, jioni tano mfululizo, akiipima ndani ya lile ganda la bugali, hadi jirani wa chini akapanda kuuliza ni nani anayekereza meno.

Siku ya nane gololi ilikaribia kukaa sawa. Ilicheza kidogo sana, unene wa ukucha. Mimi, mwenye hofu ya akina mama, nikamsihi: "Imekaribia, mzee, tuifunge hivyo hivyo." Akaitupa kwenye ndoo. "Jembe haijue karibu," akasema, akaanza nyingine. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Nilishuka kwangu nikijua kwamba shamba limekwenda, na kwamba katika jengo hili nitaitwa Bwana Nyasi hadi nizeeke.

Gololi ya pili ilikuwa tayari asubuhi ya siku ya mwisho. Mkulima alitoka ndani akasimama, mikono kifuani. Fundi akaunga springi kwenye kipande cha mkono wa zamani kwa mabamba mawili na boliti nne, akatia gololi, akapitisha pini mpya. Ilipita kwa sauti laini, kama mlango wa jokofu unapofunga. Akapanda trekta mwenyewe. Mimi niliamriwa nisimame mbali. Alikwenda hadi mwisho, akaliinua jembe, akageuza, akalishusha. Udongo ukapinduka mweusi, na vigelegele vilivyopigwa pale viliwatoa majirani wa mzee kwenye nyumba zao. Kufikia saa kumi za jioni ekari zote mbili zilikuwa zimelala wazi. Mkulima aliinama akauchungulia ule mkono kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa Kiingereza tumeununua duka gani. Nikamtafsiria fundi. "Mwambie duka iko juu, ghorofa ya tisa. Siku ya Mungu inafungwa." Wiki iliyofuata mzee alishuka mjini na gari lake, akapanda lifti yetu akiwa amekumbatia chuma chake kingine kilichovunjika.

Nimefikiri sana juu ya mji huu tangu siku hiyo. Hapa kitu kikivunjika hutupwa, na mtu akifika bila karatasi hupewa ufagio. Nilimsihi fundi aipeleke ile gololi kwa msimamizi wake kiwandani. Akacheka: "Iko na kazi shambani." Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, yeye hakuchagua jembe wala chuma wala mji, ila hakukubali kazi yake mwenyewe isipokuwa imekaa sawa. Tumevuna misimu miwili. Watoto wetu hujibu kwa Kiingereza, lakini lengalenga wanaila kwa lugha zote.

Tulimzika Jumanne. Baadaye, ukumbini, nilisimama nikatoa hoja ya kumuenzi: tuufungue ule mkono kwenye trekta, tuupake rangi ya dhahabu, tuutundike ukutani, chini yake tuandike maneno mazuri, ambayo nilijitolea kuyatunga. Watu wengi walitikisa vichwa kukubali, na mjane akafuta machozi. Mimi nilidhani heshima ya fundi ni kazi yake kutazamwa. Kumbe heshima yake ni kazi yake kuendelea kuchafuka, mwaka hadi mwaka, hata atakapokuwa hayupo mtu anayekumbuka ni nani aliyeitengeneza. Hilo sikuligundua mwenyewe. Niliambiwa na nesi, kutoka kiti cha nyuma, mdomo ukiwa na sambusa: "Wacha upuzi, jirani. Ukitoa hicho chuma, hiyo plau utaivuta wewe mwenyewe."