Vidole vya Mama Abbo

Nyaketcho hanunui gunia la mahindi kwa macho. Hulichoma kwa bambo lake la chuma juu, katikati na chini kabisa, akamwaga punje kiganjani, akazinusa na kuzing'ata, na hapo ndipo anapotaja bei. Wenye malori hapa Busia wanamwogopa kuliko maofisa wa forodha. Mimi ni jirani yake, Fatumah, muuza kanga na udi, na nimewahi kumwona akimrudisha mtu na gari zima kwa sababu ya unyevu uliofichwa chini. Yule mtu alikaribia kulia. Nyaketcho alimnunulia soda, lakini mahindi hakuyachukua.

Kwa hiyo mama yake, Mama Abbo, alipotolewa hospitali na saratani ya titi, na daktari akasema kilichobaki ni kumpunguzia maumivu tu, Nyaketcho hakuwa mtu wa kupokea mtunzaji yeyote atakayeletwa. Alikata shauri kwenda kuwapima mwenyewe.

Alianza ng'ambo, upande wa Kenya. Huko kuna nyumba ya kulaza wagonjwa ambao hospitali imemaliza nao: vigae vinang'aa, maua mlangoni, na msichana wa mapokezi ana meno meupe na maneno matamu. Nyaketcho alifika bila taarifa, tena saa ya chakula, akapita mpaka vyumbani kabla msichana hajamaliza kusema karibu. Alinusa mashuka, akaonja uji, akashika miguu ya wagonjwa kuona kama ina baridi. Hakupata kosa, na jambo hilo lenyewe lilimuudhi.

Kisha akapanda kwenda Kisoko, kwao, ambako kikundi kimoja cha Tororo huwafuata wagonjwa majumbani. Hakwenda ofisini kwao. Alikwenda kwa watu waliofiwa, akawauliza swali ambalo mimi nisingethubutu: "Mgonjwa wenu alipokufa, musawo alirudi?" Musawo huku ni daktari au muuguzi. Wakamwambia alirudi, baada ya mazishi, akakaa nao, akala. Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, aliwapigia simu hao wa Tororo ili aone kama itapokewa. Ikapokewa. Hapo akaridhika, kwa sababu alitaka mama yake afie mikononi mwa watu wanaojua njia ya kurudi.

Muuguzi waliyemleta alikuwa kijana mwembamba aitwaye Obore, mwenye pikipiki na sauti ya chini. Alivua viatu mlangoni kwa Nyaketcho, na hilo tu likanifanya nimpende. Alimwonyesha Mama Abbo dawa ya maji ya kunywa, akamweleza saa zake, kisha akanyoosha mkono. Kidole kimoja ni maumivu kidogo, alisema, na vyote vitano ni yale yasiyovumilika. Kila akija atauliza, naye mama atainua vidole.

Mama Abbo akamuuliza kile ambacho mzee yeyote wa huku huuliza: mtoto wa nani, umeoa wapi.

"Nimeoa Kisoko," Obore akajibu huku uso umechangamka, na akautaja ukoo wa mke wake. Ulikuwa ukoo wa marehemu mume wa Mama Abbo.

"Kumbe mtu yetu!" Nyaketcho akapiga makofi. "Basi wewe ni shemeji!"

Mama Abbo alivuta kanga yake juu hadi shingoni, nami nikadhani anasikia baridi.

Tangu siku hiyo Nyaketcho hakuwa na wimbo mwingine. Sokoni, kwa vinyozi, kwa wasukuma mikokoteni, kila mtu alijua kuwa mama yake anatunzwa vizuri. "Kidole moja tu!" alikuwa akituonyesha. "Kila wiki, kidole moja. Mama halalamiki hata." Wanawake wawili wenye wagonjwa walichukua namba ya Tororo kutoka kwake. Mimi mwenyewe nilifurahi, na mara kwa mara nilimpelekea bibi kizee udi, maana alikuwa akiuomba kwa uchu, leo kidogo, kesho zaidi. Nilidhani mama wa Kisoko ameonja raha za kwetu Waislamu. Nikamtania kwamba tutamsilimisha.

Lakini alikuwa akikonda vibaya. Uji ulirudi jikoni na utando juu. Nyaketcho alisema ni ugonjwa, na ni kweli ulikuwa ugonjwa, ila kulikuwa na jambo jingine ambalo sote wawili hatukuliona.

Asubuhi moja Nyaketcho alikuwa mpakani, lori lake limezuiwa. Nilipoingia na udi wangu nikakuta chetezo kimezimika. Ndipo harufu iliyokuwa ikifichwa na udi ikanipiga. Wallahi nilirudi nyuma hatua. Mama Abbo alikuwa amelala ubavu, ameng'ata pembe ya mto, na jasho linamtiririka hadi masikioni.

"Mama! Nimwite musawo?"

Aliutoa mto mdomoni. "Musawo gani? Yule hapana musawo. Yule ni mkwe yangu."

"Ni muuguzi, Mama."

"Bibi yake ni mtoto ya ukoo yetu, basi mimi ni mama mkwe yake. Nitafungua titi mbele yake namna gani, Fatumah? Kwetu, mkwe hata mkono hatusalimiani."

Nimeishi na Wajapadhola, kabila lao, miaka mingi, nimeona mwanamume mzima akiruka mtaro ili asikutane na mama mkwe njiani, na nimecheka. Siku hiyo sikucheka.

"Na vidole?" nikamuuliza. "Ulikuwa unaonyesha kimoja."

"Mkwe unaonyesha tano? Aende aambie bibi yake mama yao analia kama mtoto?" Alifumba macho. "Wewe hapana mtu yetu. Wewe naweza kuonyesha. Funga mlango."

Nilifunga mlango nikamfungua kifua. Alikuwa amejifunga mwenyewe kwa vipande vya kanga kuukuu, safu juu ya safu, na safu ya ndani ilikuwa imegandana na nyama. Akaniambia kwamba Obore alikuwa amemuuliza juu ya kidonda, tena kila alipokuja. Mama Abbo alimwambia kwamba binti yake humsafisha. Binti yake alipouliza, alimwambia kwamba Obore humsafisha. Obore alikuja wakati Nyaketcho yuko sokoni, Nyaketcho alirudi wakati Obore ameshaondoka, na kila mmoja aliamini neno la mgonjwa. Yule mwanamke wa bambo, aliyechoma kila gunia la mpaka huu mpaka chini, kwa mama yake mwenyewe alitazama juu tu. Nilishikwa na hasira.

"Usiambie Nyaketcho," Mama Abbo akanishika kanga. "Akisikia, ananipeleka ng'ambo. Nitakufa kwa watu ya vigae. Nani atanijua huko?"

Sikumwahidi. Nilitoka uani nikapiga simu. "Achana na lori," nikasema. "Rudi sasa hivi."

Alikuja kwa bodaboda, anahema. Nilimwonyesha. Alipiga ukelele mmoja, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya mama yake. Kisha akaja juu. Alimpigia Obore simu, akaongea kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Wewe ni musawo gani? Kidonda inaoza, wewe unahesabu vidole! Na mimi nilisifu wewe soko mzima!"

Kwenye simu sauti ya chini ikasema, "Nakuja."

"Usikuje!" Akakata. Papo hapo akaipigia ile nyumba ya ng'ambo na kuwaambia walete gari leo hii, wawe na muuguzi mwanamke, yeye atawasubiri mlangoni. Nyuma ya pazia Mama Abbo alisikia kila kitu. Nilimwona akigeuza uso ukutani, na moyo ukaniuma.

Basi tukakaa tukingoja, sijui tukimwomba Mungu atangulize nani. Dawa iliyokuwamo ndani tulimpa kipimo chake cha kawaida, na haikumsaidia kitu. Nyaketcho alikuwa akienda mlangoni na kurudi. Aligusa kile kitambaa kilichogandana, mama akagumia kwa ndani, akakiacha.

Pikipiki ndiyo iliyofika kwanza. Obore alikuwa na vumbi la Tororo mpaka kwenye kope. Nyaketcho alisimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

"Nilikwambia usikuje."

"Nimesikia, shemeji." Hakujitetea. "Ni mimi nilijitaja ukoo. Nilitaka mama anione mtu wa nyumbani. Na nilipoambiwa kidonda kinasafishwa, ilikuwa kazi yangu kukuuliza wewe. Sikuuliza. Mwenzangu Ritah ndiye alipaswa kuwa hapa tangu mwanzo, lakini yuko kwa mgonjwa kule Rubongi, mpaka jioni. Mama hawezi kungoja jioni."

Nyaketcho alimtazama kwa chuki, na nilijua anapima. Mwishowe akasogea. "Ingia basi."

"Siingii," Obore akasema. "Nikiingia, atajificha tena. Nipe kiti."

Nilimpa kigoda cha jikoni. Alizunguka nyumba, akakiweka chini ya dirisha la chumba cha Mama Abbo, akakaa, mgongo ukutani na uso kuelekea kwenye choo cha jirani. Kutoka ndani tuliona utosi wake tu. Akaanza kusema kwa sauti ya kutusikilizisha sisi, wala si mama.

"Shemeji, mwulize mama vidole vingapi. Mwambie huku nje sioni kitu."

Nyaketcho aliuliza kwa Dhopadhola, lugha yao. Mama Abbo alilitazama dirisha kwa muda mrefu. Kisha mkono wake ukatoka chini ya shuka, na vidole vikafunguka, vyote. Nyaketcho alijaribu kutamka ikamshinda. Ikabidi nipaaze sauti mimi.

"Vitano!"

"Mwambie mama asante," Obore akasema, na sauti yake haikuwa ileile.

Mkono wake ukapita dirishani na kikombe cha dawa aliyopima upya, bila yeye kugeuza shingo. Akatuamuru tuchemshe maji tutie chumvi, tuyaache yapoe, na tusiguse chochote mpaka dawa ifanye kazi. Kungoja huko kulinimaliza. Nyaketcho alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameshika mguu wa mama yake.

Honi ikalia barabarani. Gari la ng'ambo limefika, jeupe, safi, na dereva akashuka akauliza mgonjwa yuko wapi. Nilimwambia asubiri. Akasema hawezi kungoja sana, mpakani kuna foleni.

"Sasa lowesheni kitambaa," Obore akasema. "Maji mengi. Msivute."

Tulilowesha. Nyaketcho, kwa mikono yake iliyozoea magunia, akashika pembe ya kanga akavuta kidogo. Mama Abbo akalia, kilio cha wazi, cha kwanza nilichokisikia kwake.

"Msivute!" Obore alikuwa amesimama. Nilidhani ataruka dirishani. Lakini alikaa tena, na kigoda kikalia chini yake. "Lowesheni tena. Kitaachia chenyewe. Mna haraka gani?"

Honi ikalia mara ya pili. Nilitoka nikamwambia dereva maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Niliporudi, safu ya mwisho ilikuwa inaachia, polepole, inatoka mkononi mwa Nyaketcho. Obore alituuliza rangi, akauliza kama damu inatiririka au inadondoka tu, akauliza kama kuna wadudu. Tulimjibu bila kuficha. Akapitisha vidonge dirishani, tukavisaga kwa nyuma ya kijiko, tukanyunyiza unga wake juu ya kidonda kwa ajili ya harufu, kisha tukafunika kwa pamba safi. Akauliza vidole. Mama Abbo akainua vitatu. Baadaye kidogo, viwili. Pumzi yake ikashuka, mabega yakalegea, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akaomba uji.

Dereva alikuwa ameingia uani sasa, analalamika. Nyaketcho alifuta mikono yake kwenye sketi akamtazama mama yake. Nilimjua vizuri: mdomo ulikuwa umeshaandaa amri. Alikuwa amewauliza wafiwa wa Kisoko, amewauliza wapishi wa ng'ambo, ameuliza kila mtu aliyekuwa na kinywa. Mama yake tu ndiye hakuwahi kumuuliza, na ile amri akaimeza.

"Mama," akasema, "gari iko hapa. Huko iko wauguzi wanawake. Na hapa iko huyu. Wewe unataka nani?"

Mama Abbo alikuwa akikitazama kile kiutosi dirishani, kilichokuwa kikipigwa na jua bila kusogea.

"Dereva arudi kwao," alisema. "Ritah akuje, anioshe. Na mkwe yangu akuje kesho. Akae pale pale."

Nje, Obore alikuwa amesikia kila neno, kwani ukuta wetu si mnene. Lakini hakujibu. Alisimama, akapangusa suruali yake, akangoja kwa heshima mpaka Nyaketcho alipotoka kumfikishia ujumbe wa mama mkwe wake.