Kemuma na Njugu, Uwanjani Rodi Kopany

Emmah alipopata kazi Nakuru, alimwachia mama yake mbwa. Hakumuuliza. Alilisema jambo hilo langoni huku pikipiki ikiwa imeshawashwa: kwamba chumba alichopanga hakiruhusu wanyama, kwamba Njugu ni mpole, na kwamba akizoea atakuwa hana shida. Kemuma alisimama barazani mikono ameikunja kifuani. Alitaka kwenda kumkumbatia binti yake lakini hakuweza, maana mbwa alikuwa ameketi katikati yao.

Pale Rodi Kopany, mji mdogo wa soko, kila mtu alijua kwamba Mama Emmah anaogopa mbwa. Alikuwa mjane, Mkisii aliyehamia huko na marehemu mumewe, muuza mitumba na Msabato wa kutegemewa kanisani. Asubuhi akienda kufungua kibanda chake alizunguka soko lote ili asipite mbele ya mabucha, ambako mbwa wasio na mwenyewe hulala wakisubiri mifupa. Watu walimcheka, naye akacheka pamoja nao. Hakuwaeleza kwamba alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Omosa, kwamba mbwa wa kupita tu alimng'ata mguuni, kwamba kidonda kilipona mpaka wote wakasahau. Wiki nyingi baadaye kichaa cha mbwa kikamshika mtoto, akashindwa kumeza maji, akafa. Kemuma mwenyewe ndiye aliyekuwa amemshikia kikombe.

Emmah alipomleta Njugu akiwa mdogo, Kemuma alikubali kwa sharti moja, afungwe nyuma ya jiko. Kwa kuwa Emmah alikimbia naye kila alfajiri, mbwa alitulia. Sasa hakuna wa kukimbia naye. Alichimba mashimo, akakata kamba, akaruka ua na kuwatawanya kuku wa jirani, Nicholas. Kemuma alimlisha kwa kusukuma sufuria na mti wa kudekia. Nicholas alikuja mara mbili kulalamika kwa upole. Mara ya tatu hakuwa mpole, akasema atatega sumu. Hapo Kemuma akawa na hofu mbili, ya mbwa mwenyewe na ya kumpigia mwanawe simu amwambie mbwa amekufa.

Akaenda kwa Stanley Mniko. Huyu alikuwa Mkuria wa Ntimaru, mtu mrefu asiye na maneno mengi, ambaye alifundisha mbwa wa walinzi kwa miaka mingi kabla ya kufungua duka la chakula cha mifugo pale sokoni. Kila Jumapili alasiri alikutana na watu wachache wenye mbwa kwenye uwanja wa shule, wakawachezesha. Alimsikiliza Kemuma mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba mbwa wake hana ubaya, hana kazi tu. Amlete Jumapili wamtafutie kazi inayomfaa.

Jumapili ya kwanza walimjaribu kuruka. Mniko aliweka ufito juu ya matofali, akamwonyesha Kemuma jinsi ya kumwongoza mbwa kwa kipande cha dagaa. Mkono wa Kemuma ulilowa jasho hata kamba ikateleza. Njugu alimtazama, akautazama ufito, akapita chini yake. Walijaribu kumpitisha ndani ya pipa lililokatwa ncha zote mbili, akaketi mdomoni mwa pipa akalia. Jumapili iliyofuata wakamvisha mikanda ya kifuani ili avute tairi kuukuu. Tairi lilipokwaruza changarawe alishtuka, akakimbia, na kadiri alivyokimbia ndivyo tairi lilivyomfuata. Kemuma aliachia kamba, akajificha nyuma ya goli. Siku nyingine wakashuka Homa Bay, kwenye ufuo, kumfundisha kuogelea na kurudisha fimbo iliyotupwa majini. Njugu aliingia ziwani mpaka tumboni, akarudi na kujikung'utia kwenye gauni la Kemuma, ambaye alisimama macho amefumba, akisali kimoyomoyo mpaka mbwa akaondoka miguuni pake.

Wakiwa bado pale ufuoni, Mniko alimwambia jambo ambalo lilimkaa moyoni.

"Mama Emmah, huyu mbwa haogopi ufito wala tairi. Anakuangalia wewe. Akiona umeshtuka, anajua kuna kitu kibaya."

Kemuma alitaka kukata tamaa. Mniko akamwomba wajaribu kitu kimoja cha mwisho. Jumapili iliyofuata, uwanjani, alipanga makopo matupu kwenye nyasi, akatia kitambaa chenye harufu ya karafuu ndani ya moja, kisha akamwachilia Njugu. Kazi hii haikutaka mwenye mbwa akimbie wala amshike. Alitakiwa kusimama mbali tu, angoje. Njugu alipita kopo baada ya kopo, pua chini, mkia juu, na alipofika kwenye karafuu akalala chali kwa furaha. Kemuma alisikia kicheko, kumbe ni chake. Kuanzia siku hiyo alificha kitambaa kila jioni, mara chini ya karai, mara kati ya marobota ya nguo, na kila Njugu alipokipata alimwita, "Njugu, kuja," akamrushia dagaa. Mbwa akaja kila mara. Hakuruka tena ua wa Nicholas.

Ilikuwa Jumapili ya mvua za vuli, wengine wameshaondoka, Mniko yuko upande wa pili wa uwanja akikusanya fito. Njugu alikuwa kwenye makopo, hana kamba. Mbwa mwingine akatokea kwenye mahindi kando ya uwanja. Alitembea upande upande kama mlevi. Taya lilikuwa limening'inia na ute ukimtoka kwa nyuzi ndefu.

Kemuma alimjua. Hakuwa amemwona kamwe, lakini alimjua. Kila kiungo mwilini kilimwambia akimbie. Njugu aliinua kichwa, akaanza kumwendea yule mgeni huku akitikisa mkia.

"Njugu," Kemuma akasema. Sauti haikumfikia mbwa. Akajaribu tena. "Njugu, kuja."

Njugu alisimama. Akageuka, akaja mbio. Lakini yule mbwa alimfuata, akamng'ata Njugu pajani kabla Mniko hajafika na ufito na kumfukuza. Kemuma alikuwa ameshamkumbatia Njugu shingoni kwa mikono yote miwili. Alipomwachia, mikono ilikuwa na ute, na kwenye kidole palikuwa na tundu bichi la sindano, kwa kuwa asubuhi alikuwa akishona vifungo.

Mniko alimkokota Kemuma hadi bombani, akamkabidhi kipande cha sabuni.

"Osha. Usiache mpaka nikuambie."

Alipomaliza kuosha, Kemuma alimpigia Emmah akamuuliza kama Njugu alichanjwa. Emmah akasema ndiyo, alichanjwa, siku ile maofisa wa mifugo walipokuja kwa chifu. Mama yake akakata simu bila kuaga.

Yule mbwa wa mahindini alipatikana amekufa mferejini. Kemuma alidungwa sindano ya kwanza hospitalini siku hiyohiyo, akarudi kwa nyingine kila alipoambiwa. Daktari wa mifugo alimchanja Njugu upya, akasema kuna matumaini makubwa, ila atengwe na aangaliwe wiki kadhaa. Kemuma alimfungia ndani ya banda la matofali. Kila asubuhi alimwekea maji kwa mlango wa chini, akachuchumaa nje, akasikiliza. Aliposikia ulimi ukipiga maji, aliweza kwenda sokoni. Siku moja Njugu hakunywa. Kemuma hakufungua kibanda siku hiyo. Alikaa kwenye debe mbele ya banda tangu asubuhi, akiongea naye Ekegusii, lugha ya kwao ambayo hakuwahi kumsemesha nayo mnyama, mpaka mchana jua lilipowaka na mbwa akainamia sufuria. Alilia akiwa peke yake, uso kwenye kanga.

Muda wa kumwangalia ulipokwisha, daktari alimpima akasema yuko salama. Mniko hakuwashinikiza warudi uwanjani. Walirudi wenyewe.

Mwezi wa Februari Mniko aliandaa mashindano madogo kwao Ntimaru, kwenye uwanja wa kanisa. Mbwa walikuwa wengi kuliko Kemuma alivyotazamia, na wengine wakubwa, wakivuta minyororo na kubweka. Alitapika nyuma ya choo kabla zamu yake haijafika. Kisha akanawa, akaingia. Njugu alipata makopo mawili yenye karafuu, la tatu akalipita kwa sababu kuku alikatiza mbele yake, wakashika nafasi ya nne.

Bhoke, mke wa Mniko, alimletea chai. Akamuuliza kama sasa woga wa mbwa umemwisha.

"Haujaisha, dada," Kemuma akajibu. "Hata huyu namwogopa kidogo."

Akaweka kikombe chini, akainama kumfungua Njugu mikanda, akatafuta kwa vidole kifungo kilichojificha ndani ya manyoya.