Mtu Aliyejua Miaka ya Magari

Baba yangu, Grégoire Bisimwa, hakuwahi kuendesha gari hata siku moja. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa Bagira, mtaa wetu, waliomsikia akieleza magari walidhani amezaliwa ndani ya injini. Alikuwa magasinier, mtunza vipuri, katika gereji ya Mzungu mmoja mjini Bukavu, tangu mwaka 1946 hadi gereji ilipofungwa. Miaka yote hiyo alikaa nyuma ya meza ya mbao akiwa na katalogi zenye michoro na daftari kubwa alimoandika kila kitu kilichoingia. Magari aliyajua vipande vipande, kama mwenye bucha anavyomjua ng'ombe.

Ukimletea picha ya zamani hakuwatazama watu. Unaweza kuwa umeshika uso wa bibi yako aliyekufa, yeye anakwambia, "Toa kidole, unafunika roue." Alianza na magurudumu. Yakiwa na vijiti vya mbao, alikuwa na miaka yake. Yakiwa na nyaya nyembamba, miaka mingine. Kisha taa: zikisimama peke yake juu ya chuma kama macho ya chura, gari ni la kabla ya vita, zikiwa zimezama ndani ya bodi, ni la baada. Kisha pua ya gari, kisha milango inafungukia upande gani. Halafu anakutajia mwaka, na ukibisha anakuangalia kwa huruma mbaya sana.

Siku ya matanga ya katekista mmoja mzee, watoto wake walipitisha picha ya baba yao amesimama karibu na gari, wakisema ni ya mwaka 1925, siku alipobatizwa wa kwanza katika kijiji chao. Picha ikamfikia baba. Akaigeuza kwenye mwanga, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanawake waliokuwa wanapika: "Hii iko Citroën ya trente-quatre, mwaka 34, kwenda mbele. Kwa mwaka 25 haikuwako hata mu Ubelgiji." Watu walicheka mbele ya maiti. Mama yangu, Maman Agathe, alimvuta nje kwa koti. "Grégoire, sasa umepata nini?" Baba alishangaa kweli. "Mimi sikusema muzee iko muongo. Gari njo ilisema." Gari ndilo lililosema, si yeye.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Sikumchukia kwa hilo wakati ule. Nilikuwa msichana, na kuwa na baba asiyekosea ni raha, hasa kama hujawahi kuwa upande wa pili wa meza yake.

Mwaka 1972 ikatoka sheria: mtu aliyetoka Ruanda-Urundi akakaa Kivu kabla ya tarehe mosi Januari 1950 ni Mzaïrois, aliyekuja baadaye, hapana. Ni rahisi kuandika sheria ya namna hiyo ukiwa Kinshasa. Huku kwetu karatasi nyingi ziliungua mwaka 1967, mercenaires, askari wa kukodiwa, waliposhika mji, na watu hawakuwa na kitu cha kuonyesha ila picha. Wakaanza kuzileta kwenye ofisi moja ya mjini nisiyoitaja, ambako mimi, Constance, miaka kumi na tisa, nilikuwa dactylo, mpiga chapa. Picha za harusi, za komunyo, za kazi. Na kwa kuwa wapiga picha wa zamani walipenda kumsimamisha mtu karibu na gari la bosi wake, magari yalikuwamo kibao.

Ni mimi niliyemwambia chef de bureau, mkuu wa ofisi, kwamba baba yangu anajua miaka ya magari. Nilisema kwa kujisifu. Wiki iliyofuata baba alipewa kiti chake na meza yake, kila Alhamisi, na akaja na lile daftari la gereji chini ya kwapa. Alinyoa ndevu. Abacost yake, suti isiyo na tai iliyotakiwa na serikali, mama aliipiga pasi mara mbili.

Alhamisi ya kwanza alikuja mjane mmoja na picha ya marehemu mume wake ameegemea Ford, ile nyeusi ya magurudumu ya mbao. Benchi zima lilichangamka, maana gari lenyewe lilikuwa la kale kiasi kwamba hata mimi niliona ameshinda. Baba akatikisa kichwa. "Maman, hii Ford ilibeba mikate hapa mjini mpaka cinquante-six, mwaka 56. Photo inaweza kuwa ya siku yoyote." Mjane akauliza sasa afanye nini. Baba akamweleza polepole, kama mwalimu, kanuni yake: gari la zamani halithibitishi chochote, kwa sababu magari huzeeka barabarani pamoja na watu, lakini gari jipya linathibitisha kabisa, kwa sababu hakuna picha iliyolitangulia gari lililomo ndani yake. Yaani gari linaweza kukuangusha, haliwezi kukuinua. Chef aliipenda kanuni hiyo mpaka akaniagiza niipige kwa mashine na kuibandika ukutani. Mjane aliondoka na picha yake ndani ya kitambaa.

Nije sasa kwa Placide, niliyemwita tonton, yaani mjomba, kwa sababu habari yote ya baba yangu imeishia kwake.

Placide alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Alivuka Ruzizi kwa miguu mwaka 1947, kijana wa miaka kumi na saba, akapata kazi kwa mlowezi mwenye shamba la kahawa upande wa Mudaka. Baadaye akasomea uuguzi, akawa infirmier wa zahanati. Mwaka 1954 uchungu ulipomkamata mama yangu na gari la wagonjwa lisionekane, yeye ndiye aliyenipokea, juu ya mkeka wa nyumbani kwetu. Baba alipougua malaria ya kichwa, Placide alimchoma sindano asubuhi na jioni siku nane bila kukosa. Jumapili walisikiliza mpira kwenye redio moja, yetu, na kahawa yake. Baba hakuwa na rafiki mwingine, na kwa tabia yake hilo halikumshangaza mtu.

Mwishoni mwa 1973 zahanati ilidai cheti cha uraia kwa wafanyakazi wote. Placide alikuwa na kitu kimoja tu: picha yake mwenyewe, amevaa shati jipya, amesimama karibu na gari la yule mlowezi. Nyuma ya picha mlowezi huyo alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwa wino: Noël 1949, yaani Krismasi. Wiki moja kabla ya tarehe ya sheria. Wiki moja ilitosha, mradi gari lisipinge maandishi.

Alikuja Alhamisi moja kabla ya mchana, amevaa abacost. Hakuwa na wasiwasi. Alinisalimia, "Mutoto yangu, unakuwa mwembamba, hauli?" Aliweka picha mbele ya baba akatabasamu, na chef akasimama nyuma ya kiti cha baba apate kuona vizuri.

Baba aliitazama picha muda mrefu kuliko kawaida. Mimi nilikuwa naitazama kutoka kwenye mashine yangu. Gari lilikuwa Peugeot, la mviringo, taa zimezama ndani ya bodi, na taa ya kushoto haikuwa na kioo, palikuwa na tundu tu.

"Citoyen Bisimwa," chef akauliza, "iko gari gani?"

"Peugeot 203."

"Iliingia lini mu magasin yenu?"

Baba hakufungua daftari. "Mwezi wa tatu, cinquante et un." Mwaka 1951, zaidi ya mwaka mmoja baada ya tarehe ya sheria.

Placide alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha akaona baba hacheki. "Grégoire, hapana. Zile zenu ziliingia cinquante et un. Hii iko ile patron yangu alijiletea mwenyewe toka Mombasa. Unaikumbuka. Kioo cha taa kilivunjika mu njia, tukakuja kwenu wiki mbili mbele ya Noël kutafuta kingine."

Baba alilivuta daftari karibu naye.

"Ulitafuta mu katalogi, gari haikuwamo. Ukamwambia patron wako, hii gari siijui." Placide aliinama juu ya meza, kwa upole kabisa, alikuwa anamsaidia mtu akumbuke. "Akakupiga kofi mbele ya batu bote. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, juu ya mizigo. Njo siku tulijuana, Grégoire. Nilikupatia kitambaa cha kupanguza damu."

Kwenye benchi mtu mmoja alikohoa. Chef alikuwa amekunja midomo kuzuia kicheko. Nikauona uso wa baba, nikajua kwamba kila neno ni kweli. Nikajua pia kwa nini mtu asiyeendesha gari alikariri magari yote ya dunia.

"Sikumbuki," baba alisema.

"Grégoire."

"Mu daftari iko cinquante et un." Akaisukuma picha kwa kidole, upande wa chef. "Gari haidanganye."

Chef akauliza mara moja tu kama ana hakika, na baba akasema ana hakika. Basi picha haikuwa ya 1949, maandishi ya nyuma ni ya kughushi, na mwenye picha ni mwongo aliyejaribu kuidanganya serikali. Chef alinisomea maneno hayo nami nikayapiga kwa mashine. Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema kwamba uso wa baba yangu naujua. Nilipiga neno "rejeté", limekataliwa, kwa herufi kubwa, nikakosea herufi moja, nikaifuta vizuri, nikaipiga tena. Tonton Placide aliningoja nimalize, akachukua karatasi yake kwa mikono miwili.

Zahanati ilimwondoa kabla ya Krismasi. Aliyekuwa akimwita daktari akaanza kumwita mtu wa kuja. Mke wake, Maman Emérence, alipokwenda bombani wanawake walimpisha mbele ili wasisimame naye. Mara mbili Placide alikwenda mjini kutafuta mashahidi, lakini mlowezi alikuwa ameshaondoka nchini, na vibarua wa shamba la zamani walisema wanamkumbuka, ila hawajui kuandika, na kwenda ofisini waliogopa. Mama yangu aliacha kulala chumba kimoja na baba. Baba aliendelea kwenda Alhamisi zake. Nyumbani hakuna aliyetaja kofi.

Mimi nilijaribu mara moja. Nilimwambia, "Papa, bado unaweza kurudi kwa chef useme umekumbuka." Aliniuliza, "Niseme mbele ya chef nilikosea?" Hakukasirika. Aliuliza kama mtu aliyeambiwa atembee barabarani bila nguo.

Waliondoka mwezi wa pili. Walikuwa wanarudi ng'ambo ya Ruzizi, kwenye nchi ambayo Placide hakuwa ameikanyaga kwa miaka ishirini na sita na ambako watoto wake hawakumjua mtu. Asubuhi hiyo vitu vyao vilikuwa nje, magodoro, sufuria, cherehani. Placide akaja mpaka mlangoni kwetu. Mama hakuweza kutoka, alikuwa analia chumbani. Baba alitoka na kusimama kizingitini, na Placide akampa mkono. Mpaka leo sijui alipata wapi moyo wa kumpa mkono.

"Basi, Grégoire," alisema. Alijaribu hata kutania, kama Jumapili za redio. "Tunaenda. Naenda na photo yangu ya cinquante et un."

Nikaona baba anakunja uso. Nilidhani, Mungu anisamehe, nilidhani anataka kulia.

"Hapana," baba alisema. "Ile yenu haiko ya cinquante et un. Ile ilifika quarante-neuf, mwaka 49, mwezi wa kumi na mbili. Ilikaa na taa moja mpaka mwezi wa pili, mpaka kioo kilipotoka Nairobi. Za cinquante et un zilikuwa za rangi ya majivu, zote sita. Ile yenu ilikuwa nyeusi." Alisema hayo kwa utulivu, kama anavyomsahihisha mtu yeyote anayetaja gari vibaya.

Placide hakuachia mkono wake mara moja. "Kumbe unakumbuka."

"Mimi nakumbuka gari zote," baba alisema.

Placide akaangalia chini, kisha akaniangalia mimi, si baba. Nilikuwa nimeshika mtoto wao mdogo ili mama yake afunge mizigo. Akamchukua mikononi mwangu. Maman Emérence akajitwika cherehani, wakashika njia ya kushuka mjini, wanne mbele na yeye Placide nyuma, na majirani walikuwa wameshaanza kuingia uani kwao kutazama vyumba.

Baba alisimama pale mpaka walipopotea kwenye kona. Kisha akaingia, akakaa mezani, akauliza kama maharage yameiva. Mama hakutoka chumbani. Nilitamani kummwagia sufuria nzima kichwani, naapa. Lakini nilikuwa binti yake, nami ndiye niliyempeleka kwenye ile meza, nami ndiye niliyepiga lile neno. Nikampakulia, nikamwekea na chumvi, akala yote.