Vitabu Vilivyopimwa kwa Mchanga

Kanisani kwetu Kiseke wamenipa kazi ya kujaza kabati la vitabu. Rafu za juu ni za wakubwa, za chini ni za watoto wa Shule ya Jumapili, na mchungaji aliniambia kwa upole wake, "Mama, tutafutie vitabu vya maana." Ukimsikia mtu anasema hivyo, ujue hajawahi kutumwa kuvitafuta. Nimezunguka mjini mpaka visigino vimeota sugu. Vya wakubwa vingi vinakuahidi utajiri kabla hujamaliza utangulizi, na vya watoto vina rangi za kupendeza lakini ndani hamna mtu.

Juzi nikafika kwa mama mmoja anayetandaza vitabu vya mitumba juu ya turubai kando ya barabara. Nimeinama napekua, nikakiona. Jalada la kijani lililopauka, mwanamume ameinua taa ya chemli, mvua inamnyeshea. Nilikaa chini palepale kwenye vumbi, na gauni langu zuri.

"Mama, vipi, kizunguzungu?" muuzaji akauliza.

"Hapana. Nimekutana na mtu wa nyumbani."

Sikukifungua. Nilikilipia, nikakitia kwenye mkoba, na badala ya kurudi Kiseke nikaenda Pasiansi, ufukweni, mahali ambapo sikuwa nimepakanyaga tangu tulipomzika bibi. Wewe uliyelelewa na bibi hutaniuliza kwa nini.

Bibi yangu alikaa jirani na mwalo, pale mitumbwi ya dagaa inapofika asubuhi. Wazazi wetu walikuwa wanahangaika na mashamba huko Misungwi, wakatuleta kwake tusome, mimi na mdogo wangu wa kiume. Nyumba yake ilinuka dagaa, moshi na sabuni ya mche. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku kulikuwa na vitabu vya kanisa. Vilikaa kwake kwa sababu paa la kanisa lilivuja, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia bibi kwamba vikae kwingine.

Sasa sikiliza jinsi alivyochagua vitabu, maana sijaona mahali pengine panapofanyika hivyo. Dagaa wa siku zile walianikwa mchangani. Wakishakauka lazima wachambuliwe, utoe kokoto, vipande vya konokono na vile visamaki vingine tunavyoviita furu. Akina mama walikaa duara, kila mmoja na ungo wake, na bibi akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akawasomea kitabu kipya kilicholetwa. Alisoma polepole, na kila alipofika mwisho wa ukurasa aliinua macho. Hakutazama nyuso. Alitazama mikono.

Mikono ikiendelea kuchambua bila kusita, alikifunga kitabu. "Hiki hakina kitu. Dagaa wametoka safi mno." Lakini mikono ikisimama, mama mmoja akabaki na dagaa kati ya vidole huku amesahau alichokuwa anafanya, kitabu kile kiliingia sandukuni. Kuna wiki moja mji ulitafuna mchanga kwa ajili ya kitabu cha mjane aliyegombana na Mungu wake. Wateja walikuja kulalamika, na bibi, badala ya kuwaomba radhi, akawaazima kitabu.

Cha kufoka hakukitaka kabisa. "Hiki kinafoka, kipelekeni polisi," alikuwa akisema. Mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili, kijana mpole mwenye suruali moja ya kaki, alipoambiwa hivyo alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akakichukua kitabu chake na kurudi nacho.

Vya watoto alivipima namna nyingine, kwa kuwa mikono ya mtoto husimama hata akipita nzi. Alisoma mpaka katikati, akafunga, akainuka kwenda jikoni kukoroga chungu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Kama hakuna mtoto aliyemfuata, kitabu kimeanguka. Aliyemfuata kila mara alikuwa mdogo wangu. Alimshika kanga kwa nyuma, moshi umemjaa machoni, anauliza, "Halafu? Bibi, halafu?" Bibi alimfukuza kwa mwiko huku akicheka. Kitabu kikapita.

Na sheria yake nyingine: dagaa hufungwa kwa gazeti. Karatasi ya kitabu, hata kiwe kibovu namna gani, haikufunga dagaa nyumbani kwake. Hata siku moja.

Mdogo wangu alichukuliwa na ziwa asubuhi ya ukungu. Alitoka wakati bibi anawasha moto, akafuata mitumbwi kuokota dagaa wanaodondoka. Nguo zake nyeupe za ubatizo zilikuwa zimeshashonwa, zinaning'inia kwenye msumari zikingoja Pasaka. Wavuvi walivuta nyavu mpaka wakachoka, wakarudi, wakavuta tena. Hakuonekana. Bibi alikaa ufukweni na fulana ya mtoto mapajani na hakumruhusu mtu amwondoe.

Msiba ule ndio uliofanya kosa lipite. Wageni walikuwa wameleta kitabu cha watoto, na kwa kuwa bibi alikuwa amelala chini kwenye mkeka wa matanga, hakuna aliyekipima. Hakikusomwa mwaloni, hakikukutana na ungo wala jikoni. Mwalimu alikipeleka moja kwa moja darasani. Hakuwa na nia mbaya, alisoma kilichoandikwa. Kulikuwa na picha ya mlango unaowaka mwanga, watoto wenye nguo nyeupe wanaingia, na mmoja amebaki nje gizani, mlango unafungwa. Kitabu kilieleza kwamba huyo ndiye ambaye hakubatizwa.

Nilimtambua mara moja. Alikuwa na mgongo wa mdogo wangu.

Baada ya hapo sikula chochote cha ziwani. Sikuongea pia, sijui kama niliamua au maneno yalikauka. Na kila kulipopambazuka, ukungu ukiwa bado umelalia maji, nilisikia anabisha. Si kwa nguvu. Alibisha kama mtoto anayejua amekosea kwa kuchelewa. Nikainuka, nikafungua mlango, nikauacha wazi, nikarudi kulala. Asubuhi moja bibi akanikuta nimesimama pale.

"Unamfungulia nani?"

"Anabisha, bibi. Kule walimfungia."

"Nani walimfungia?"

Nikamwambia habari za ile picha. Nilidhani bibi atanikumbatia, lakini alinawa uso, akafunga kitenge chake cha safari, akatoka. Alikuwa anakwenda kunitafutia kitabu kingine. Mtu mwingine angekwenda kumtafuta mganga au daktari; bibi aliamini kwamba kilichoingizwa na kitabu kitatolewa na kitabu. Alizunguka mjini akarudi mikono mitupu, akaenda tena. "Vyote vinajua mno," alimwambia mwalimu, ambaye sasa alikuwa anakuja kila jioni, anakaa mlangoni. Mwisho akapanda gari kwenda Misungwi, kwa mzee aliyewahi kuwa mwinjilisti, mwenye vitabu darini. Akarudi na kitabu cha kijani.

Alikisoma kwanza peke yake, nyuma ya nyumba. Nilimwona kupitia dirishani, amekaa kwenye kigoda, na alipomaliza alibaki amekaa muda mrefu na kisu cha samaki mkononi. Jioni akaniita.

Kilikuwa kisa cha mtoto aliyemfuata ndama aliyepotea, mvua ikamkuta mbali. Baba yake anawasha taa, anatoka. Anapita shamba, anapita makaburi, anafika mtoni, anaita. Anaita tena. Hapo ukurasa ukaisha, na baada yake hapakuwa na ukurasa mwingine, ni nyuzi tu za mshono.

"Mchwa," bibi akasema. "Mchwa wa Misungwi hawana adabu."

"Halafu?" nikauliza.

Alishtuka, maana lile halikuwa swali langu. Lilikuwa la mwenzangu. Alikifunga kitabu, akatazama ziwani, akaongea polepole.

"Halafu mtoto akaitika. Akasema, niko hapa, baba. Na baba akamkuta, hata hajaloa. Mtoto akasema, nilijua mlango umeshafungwa. Baba akamwambia, ungefungwaje, mwanangu, na mimi mwenyewe nimetoka nje kukutafuta?"

Nililia mpaka nikalala. Nilipoamka nilikula michembe na karanga, bakuli zima. Siku nyingi baadaye niliendelea kumwomba anisomee, na kila mara tulipofika mtoni alimalizia vilevile, bila kubadili neno. Alfajiri sikufungua tena mlango. Si kwamba mdogo wangu aliacha kubisha, ila sasa nilijua kuna mtu huko nje na taa.

Kesho yake baada ya jioni ile ya kwanza, nakumbuka, jirani yetu alipaza sauti juu ya ua. "Mayo! Dagaa wako wa leo wamefungwa kwa mahubiri!" Mayo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Bibi akamjibu, "Kula dagaa, karatasi tia motoni." Sote tukacheka, hata mimi. Sikuwaza lolote. Kile kitabu hatimaye alikiazima kwa mama mwingine aliyefiwa, na hakikurudi.

Basi nakala nyingine ya kitabu hicho ndiyo niliyoishika juzi pale Pasiansi, nzima, yenye kurasa zake zote. Nilikaa juu ya jiwe nikaanza mwanzo. Shamba, makaburi, mto. Baba anaita. Nikafungua ukurasa ambao sikuwahi kuuona.

Hakuna aliyeitika. Baba anarudi nyumbani asubuhi na taa iliyozimika, na mwandishi anamgeukia msomaji mdogo kumwambia kwamba ndivyo yanavyompata mtoto asiyetii, kwamba iko siku mlango hufungwa na kilio cha mzazi hakiwezi kuufungua. Kurasa chache tu. Nilizisoma zote.

Mchwa hawali kitabu kwa kufuata mshono. Nilikikumbuka kile kisu. Nilimkumbuka jirani na mahubiri yake ya dagaa, na nikaelewa kwamba bibi yangu, mwenye ile sheria, aliivunja mara moja maishani mwake, kwa ajili yangu. Lakini kilichoniliza pale juu ya jiwe ni kitu kingine. Alizisoma kurasa zile peke yake kabla ya kuzikata. Mdogo wangu alikuwa ametoka nyumbani kwake, yeye akiwa amegeukia moto. Alikaa kwenye kigoda akaambiwa na kitabu kwamba hakuna aliyeitika, kisha akainuka akanipa mimi mwisho mwingine. Yeye nani alimpa? Nimejiuliza tangu juzi. Labda alipokuwa ananisimulia alikuwa anajisikiliza.

Mwalo wenyewe haupo tena. Pale mchangani pamejengwa ukuta, na nyuma ya ukuta kuna mtu anamwagilia majani yake. Dagaa siku hizi wanaanikwa juu ya chanja, wanatoka safi, na sisemi ni vibaya. Wale akina mama wa duara wameondoka mmoja mmoja. Sanduku la bati ndugu walilichukua baada ya mazishi, wakawekea unga. Vitabu vya Kikristo mjini ni vingi kuliko enzi zile, vinang'aa, na katika wiki zote nilizozunguka sikuona mtu aliyesahau alichokuwa anafanya kwa sababu ya kimoja. Ukungu tu ndio uko vilevile. Nikiuona juu ya maji bado natega sikio, mtu mzima mimi, mwenye watoto.

Niliazima kisu kwa mama anayeuza dagaa karibu na ule ukuta, nikazikata kurasa za mwisho kwa kufuata mshono. Nikamwomba anipimie dagaa na anifungie kwa karatasi zangu. Alinitazama mara mbili. Mchungaji akijua sijui atasema nini, na pengine atakuwa na haki, kwa kuwa kitabu ni cha aliyekiandika. Lakini mtoto si wa mwandishi.

Jumapili nimewasomea watoto. Nilipofika mtoni, baba anaita, anaita tena, nikanyamaza na nyuzi zinaning'inia mbele yangu. Kisha kutoka nyuma, kwa mtoto nisiyemwona vizuri, ikaja sauti ndogo.

"Halafu?"

"Halafu mtoto akaitika," nikasema, kwa maneno ya bibi, mpaka mwisho.

Upepo wa ziwani ulikuwa unaingia, unapeperusha karatasi zao za kuchorea. Mtoto mmoja akainuka kwenda kufunga mlango. Nikamwambia auache.