Ufuta Nyuma ya Seng'enge

Shangazi yangu alipopiga simu kutoka Oraba kusema shamba lake limefungiwa, nilifanya kile nilichosomea chuo kikuu: niliandika barua. Kurasa nne. Niliisoma kwa sauti nyumbani Arua, nikaipenda, nikaongeza aya. Kesho yake nikasafiri kuipeleka.

Mkandarasi wa maegesho ya malori alikuwa amezungusha seng'enge, na mashamba ya wanawake wapatao kumi yakabaki ndani. Geti moja, kufuli moja. Ufuta wa shangazi ulikuwa umeshageuka manjano, na ufuta haungoji mtu: maganda yakikaukia shambani hupasuka, mbegu zikamwagika chini, mwenye shamba akabaki na mabua. Alikuwa na siku mbili, labda tatu.

Niliwakuta wanawake hao getini wakipika. Hakuna aliyepiga kelele. Mundu zote zilifungwa ndani ya kitenge na kuwekwa kando, asije mtu akasema walikuja kupigana.

"Barua iko na karatasi ngapi?" shangazi aliniuliza.

"Nne."

"Iko mrefu. Kalia, suruali isichafuke."

Niliikalia. Sufuria la maharage lilichemka karibu kabisa na askari wawili wa geti, wote watu wa huku huku Koboko. Mkubwa wao alikuwa akitazama mbali, kwa juhudi.

"Askari, wewe nakaa na njaa mbele ya mama yako?" shangazi alimwuliza.

"Mama, mimi iko kazini."

"Kazi nakataza kula?"

Haikukataza. Walikula, na ugali wa muhogo juu yake. Mimi nilikula mara mbili.

Shangazi alingoja mpaka askari wakanawa mikono. Kwetu, chakula kinachopikwa kando ya shamba ni cha kazi. Ukikila, unaingia shambani. Kila aliyezaliwa huku anajua hilo. Askari naye alilijua, ila pua ilimsahaulisha.

"Hii chakula ilikuwa ya simsim yangu," shangazi alisema kwa upole, akiuonyesha ufuta wake. "Nyinyi nakula. Sasa twende."

Askari aliitazama sahani yake tupu.

"Mama, wewe natega sisi!"

"Mimi napika tu."

Wanawake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Askari mkubwa alicheka wa mwisho, akatoa ufunguo. "Leo na kesho. Bosi iko Arua."

Nilikuwa nimesimama kupiga makofi, mtu akaniwekea mundu mkononi. "Profesa, wewe pia nakula. Mara mbili."

Tulikata siku mbili, askari nao wakikata, tukafunga matita na kuyasimamisha yakauke uani kwa shangazi. Seng'enge ipo hadi leo, ila mkandarasi ameacha mlango mdogo. Anasema ni kwa sababu ya barua yangu, niliyompelekea baadaye ikiwa imekunjamana. Sijamwambia shangazi.

Ufuta ulipopurwa, askari mkubwa alipelekewa makopo mawili. Mimi nililetewa moja, na hata hilo halikujaa. Katika kukata nilikuwa nyuma ya askari huyo mistari minne, kwa hiyo sikulalamika.