Ndugu Katika Orodha ya Vyanzo

Miaka ile ya Ujamaa kila mtu alikuwa ndugu. Mkuu wa mkoa ndugu, mfagizi ndugu, na barua ya ofisi isiyo na Ndg. mbele ya jina ilirudishwa uichape upya. Mimi nilikuwa mpiga chapa mpya kwenye kituo kimoja cha utafiti wa magonjwa hapa Mwanza, bado niko kwenye majaribio, nakaa kwa shangazi, mtaa wa Mirongo. Nikishindwa kazi, narudi kwetu Sengerema kulima pamba. Shangazi alinikumbusha hilo karibu kila asubuhi.

Kazi yangu kubwa ya kwanza ilikuwa makala ya daktari mmoja, Mhaya mpole, kuhusu kichocho katika vijiji vya kando ya ziwa. Mwishoni aliweka orodha ya vyanzo, yaani maandishi ya wenzake aliyoyategemea: jina la ukoo, herufi za mwanzo, kichwa cha makala, jarida, kurasa. Kila chanzo kilikuwa na namba, na namba hiyo hiyo ilikuwemo ndani ya makala pale anapokitaja.

Mwenzangu, majina yale yalinikera. Matupu kabisa. Watu wazima, wengine maprofesa, wengine marehemu, unawaita hivi hivi kama unaita kuku? Nikasema daktari huyu ana haraka, kasahau adabu. Nikampa kila mmoja Ndg. yake, kwenye orodha na ndani ya makala. Kisha nikaona wamekaa ovyo, M kabla ya A. Nikaikata orodha aliyoandika kwa mkono vipande vipande, nikaipanga kwa alfabeti kama majalada ya masjala, nikaweka namba mpya, na vile vipande nikavitupa. Namba za ndani ya makala sikuzigusa. Nilimpelekea kazi yangu nikiwa na kiburi, sikatai.

Alipoona Ndg. ya kwanza alicheka mpaka akavua miwani. Alipofika katikati akaweka kidole kwenye namba.

"Binti, hapa nimesema konokono wa kichocho wanazaliana kwenye matete. Namba saba. Na namba saba yako ni mtu wa malaria. Msomaji akimtafuta, ataona nimemsingizia."

Makala ilitakiwa iingie kwenye mfuko wa posta kesho yake, na karatasi nzuri zote nilikuwa nimezimaliza. Siku hizo karatasi ilipatikana kwa kibali. Kuipoteza kulikuwa kuhujumu mali ya umma, na mtu wa majaribio hakuhitaji kosa la pili.

Daktari akaenda chumba cha pili kwa msimamizi wa ofisi. Ukuta ulikuwa wa mbao, nikasikia yote.

"Nani ameharibu?"

"Mimi. Nimebadilisha maandishi baada ya kuchapwa."

Alirudi na bunda la karatasi, akavuta kiti. Yeye alisoma makala, na kila alipofika kwenye namba aliniambia kilichosemwa, mimi nikamtafuta kwenye orodha aliyekisema. Mmoja alikosa ukurasa, tukapekua majarida maktaba mpaka tukaupata. Polepole nikaelewa kwamba watu hawa huheshimiwa kwa kuwekwa mahali pao sahihi, ili mtu wa mbali awakute. Nilichapa tangu mchana mpaka vidole vikafa ganzi, asubuhi nikamalizia. Mfuko wa posta uliondoka na makala ndani, na mwisho wa mwezi nikathibitishwa kazini.

Miaka ilipita, nikahamishiwa masjala. Siku moja nikashika jalada la daktari kuongeza karatasi, nikakuta barua ya onyo. Uzembe wa kuharibu karatasi za serikali. Chini yake sentensi moja: kwa sababu hiyo, jina lake limeondolewa kati ya watakaokwenda masomoni ng'ambo mwaka huo.

Nilikaa chini. Muda wote huo alikuwa akipita mbele ya meza yangu, namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, anaulizia watoto wangu.

Nikaenda ofisini kwake na jalada mkononi, nikalifungua mezani kwake. Akalitazama, akajua.

"Daktari, kwa nini hukuniambia?"

"Mimi nilikuwa na kazi, binti. Ningeweza kungoja mwaka mwingine," akasema. "Wewe ungengojea wapi?"