Njaa Yangu Ilipofanywa Sheria ya Timu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ovaroli ya kijani, ufunguo wa stoo ya vipuri, na baiskeli ya mashindano ambayo fremu yake ilikuwa imechomelewa mara mbili. Kiwanda chetu cha sukari kilikuwa na timu, na sisi waendeshaji tuliajiriwa kama wafanyakazi wengine wote. Asubuhi tulipanga boliti na beringi stoo. Kuanzia saa nane tulikuwa barabarani: Mamboleo, Nyamasaria, Ahero, Awasi, halafu kurudi. Vijana hupenda kuniuliza kama ile ilikuwa kazi au mchezo. Ilikuwa kazi, bwana. Ukikosa mazoezi siku mbili, Meneja wa Michezo alikuandikia barua ya onyo.

Wengi hudhani watu sita wa timu moja hushindana kila mtu kivyake. La. Timu humfanyia kazi mtu mmoja, yaani nahodha. Wengine ni wakinga upepo: unatangulia, yeye anakaa nyuma yako, gurudumu lake karibu liguse lako, na nguvu zake zinabaki za mwisho. Mimi nilikuwa mkinga upepo. Kutoka Kericho kurudi Kisumu mchana, upepo wa ziwa unakupiga usoni kuanzia Awasi, na hapo ndipo mshahara wangu ulipokuwa. Jina la mkinga upepo halitangazwi redioni, na mimi sikulalamika.

Mwaka wa pili tumbo lilianza. Kwanza niliambiwa ni taifodi, baadaye amiba, nikameza dawa za yote mawili. Damu ilipoendelea kuonekana chooni, daktari mmoja mjini alinipima kwa kamera. Akasema utumbo mpana una vidonda, kwamba ugonjwa huo hutulia kisha hurudi, na kwamba nitameza vidonge maisha yangu yote. Nikamuuliza kama naweza kuendelea kuendesha. Akajibu kwamba naweza, mradi nile vizuri na wakubwa wangu wa kazi wajue.

Vidonge nilimeza. Hayo mengine niliyaacha pale pale kwenye kiti chake. Mwendeshaji mgonjwa alirudishwa stoo kutwa nzima, na stoo ilinichosha roho. Tena, yawa, unaanzaje kumwambia mwanajeshi mstaafu kama Kocha kwamba unaharisha damu?

Nikajitungia njia yangu, kutokula. Tangu adhuhuri ya siku moja kabla ya mashindano sikutia kitu mdomoni ila strungi, chai isiyo na maziwa, na maji, mpaka mstari wa mwisho. Tumbo tupu halikunisumbua njiani. Nilimaliza nikitetemeka kama mgonjwa wa malaria, nikakonda hadi jezi ikaning'inia, lakini nilimaliza. Mwili ulizoea mateso hayo kidogo kidogo, kwa miaka mitatu. Nilijiona mjanja sana.

Kocha alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Aliona kwamba kwenye mlima baada ya Awasi mimi napanda bila kuhema sana. Alhamisi moja, timu yote ikiwa imekaa, aliniuliza ninakula nini kabla ya mashindano. Ningeweza kusema ukweli wote hapo. Nilisema nusu yake: kwamba sili kitu, nikifunga nakuwa mwepesi.

Kocha akawageukia wengine. "Mmemsikia Okumu? Jumapili timu nzima inafunga kama yeye, mpaka mstari wa mwisho."

Kulikuwa na mkinga upepo mwenzangu, Wanjala, mtu wa Bungoma, mapaja manene na mikono kama ya mchimba visima. Yeye alikuwa mtu wa ugali. Sisi Wajaluo tulimtania kwamba sufuria ikimwona inatetemeka, naye alitujibu kwamba samaki wetu ni mifupa tu na majigambo. Siku hiyo alinitazama akasema, "Okumu, omera, ndugu yangu, hii njaa yako ni ya kanisa gani?" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka.

Nilikuwa na Ijumaa na Jumamosi za kwenda ofisini kwa Kocha. Nilifika mlangoni mara moja, nikasikia anazungumza na Meneja wa Michezo, nikageuka. Nilijiambia watafunga mara moja, wataona taabu, wataacha wenyewe. Ukweli ni kwamba niliogopa kupoteza baiskeli.

Jumapili tulipanda hadi Kericho tukiwa na kundi kubwa. Wanjala, ambaye kwa kawaida alipiga domo hata mlimani, alikuwa kimya. Katika kazi yetu kuna hali tunayoiita kuzimika. Siyo uchovu. Ni sukari ya mwilini kuisha: mikono inatetemeka, macho yanaona ukungu, na akili inashindwa kuamua jambo dogo kama kushika breki. Kwenye mteremko wa kurudi Awasi Wanjala alikuwa mbele yangu. Barabara ilipinda, yeye hakupinda. Aliingia mtaroni kwa kasi ile ile akagonga kalavati la saruji la kupitishia maji, nyonga ikavunjika. Nilisimama kumshika kichwa hadi gari lilipokuja. Nahodha akaenda peke yake.

Jumatatu nilisimama mbele ya meza ya Kocha nikamwambia kila kitu, vidonda, damu na vidonge.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniondoa kwenye timu."

"Ndiyo, ningekuondoa," akasema. "Na Wanjala angekuwa anatembea."

Hakupandisha sauti. Aliifuta ile sheria siku hiyo hiyo, na baiskeli yangu akampa mtu mwingine. Mimi nilipewa mikoba ya chakula. Hiyo ni mifuko ya kitambaa yenye viazi vya kuchemsha na chupa ya maji. Unasimama kando ya barabara umeinyoosha, mwendeshaji anaunyakua wake bila kupunguza mwendo. Ukiushika vibaya unamwangusha. Kazi hiyo niliifanya chini ya makocha watatu hadi nilipostaafu, na vidonge vyangu nilivimeza mbele ya watu. Kila mwendeshaji mgeni nilimwuliza tumbo lake likoje. Wengine walinicheka. Wawili walinijibu kweli, wakapangiwa chakula na daktari, na mmoja wao alikuja kuwa nahodha. Ndiyo maana siulaumu ugonjwa. Una siku zake mbaya, nimeuzoea. Siku mbili zile za kunyamaza ndizo sijazizoea.

Wiki niliyostaafu nilikwenda Nyamasaria kwa Wanjala. Hakurudi tena mashindanoni. Anatembea na mkongojo, anauza vipuri vya baiskeli mbele ya nyumba yake. Hospitalini nilikuwa nimempa pole, lakini sababu ya njaa yangu hakuwahi kuisikia kinywani mwangu. Nilimweleza yote. Akasikiliza huku akipangusa mnyororo, kisha akasema Kocha alikuwa amemwambia zamani, naye alikuwa akinisubiri tu.

"Siku ile nilikuwa na chapati mbili ndani ya jezi, mgongoni," akasema. "Mama watoto alinifungia. Tulipofika juu mikono ikaanza kutetemeka, nikatoa moja. Nikakuangalia. Nikaona wewe huli, nikairudisha."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilimwomba msamaha. Yeye akamwita mkewe atuletee chakula. Mama akaleta ugali na kuku kwenye sinia moja, tukanawa. Wanjala hakuanza. Alikaa na mkono wake wenye maji juu ya goti, akinitazama, mpaka nilipomega tonge la kwanza nikalila.